Mali Bila Daftari

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipoandikia insha methali hii nikiwa Kidato cha Kwanza, nilisimulia habari za mwenye duka aliyefilisika kwa sababu hakuandika madeni. Nilipata alama 16 kwa 20 nikajiona bingwa. Sikujua wakati ule kwamba iko mali nyingine isiyokaa dukani, nayo ni umri wa mtu. Na kwamba daftari lenyewe laweza kuipoteza. Ndugu msomaji, haya ninayokusimulia sikuyabuni. Yalinipata mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Baba yangu ni karani wa masjala katika chuo kimoja cha ufundi huku kwetu pwani. Jina la chuo nitalihifadhi. Masjala, kwa asiyejua, ni chumba cha kuwekea mafaili. Kila aliyeajiriwa chuoni, kuanzia mwalimu wa umeme hadi mlinzi wa lango la nyuma, ana faili lake humo. Ndani yake mna fomu aliyojaza siku ya kuajiriwa, barua ya kazi, nakala za vyeti, kopi ya kitambulisho, maombi ya likizo, barua za kupandishwa cheo na, kwa wengine, barua za onyo. Kila karatasi ina nambari yake, iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni, ili ikichomolewa ijulikane. Baba alijua mafaili yale kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Ukimtajia jina, aliondoka kitini bila kutazama kitabu chochote, akafungua kabati la chuma na kurudi na faili lenyewe mkononi.

Mwaka 2023 uongozi wa chuo uliamua kwamba habari zote za wafanyakazi ziingizwe katika tarakilishi. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa za kweli. Panya walikuwa wametafuna baadhi ya mafaili, na mvua za masika zilikuwa zikivuja pembeni mwa paa. Mtu akitaka kujua ni walimu wangapi watastaafu mwaka ujao, ilibidi makarani wafungue mafaili zaidi ya 200, moja baada ya jingine, kwa muda wa wiki nzima. Mtambo ungelijibu swali hilo kufumba na kufumbua.

Wakaja vijana wawili kutoka Nairobi, wamevaa mashati meupe yaliyonyooshwa vizuri. Wakafunga programu, wakafundisha siku mbili, wakaondoka.

"Mzee, hii kitu ni rahisi sana," mmoja wao alimwambia Baba. "Unafinya hapa, unajaza, unafinya hapa, imeisha."

Baba aliitikia kwa kichwa. Lakini usiku ule nyumbani alikaa kimya, akaviangalia vidole vyake. Alikuwa na umri wa miaka 54. Maisha yake yote alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, tena kwa mwandiko ambao walimu wa chuo waliusifu. Mbele ya kibodi alikuwa kama kuku anayedonoa mtama: akitafuta herufi moja hata akaiona, alikuwa amekwisha kuisahau inayofuata.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka huo, Baba aliniombea kibarua. Afisa anayesimamia wafanyakazi, mama mmoja mpole lakini asiye na mzaha, alinikubalia kwa sharti moja. Nibebe mafaili, nipanguse vumbi, nitoe pini zilizoshika kutu, basi. Nisisome. Alinieleza kwamba iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kwamba mshahara wa mtu, ugonjwa wake na idadi ya watoto wake si mambo ya kupigiwa soga kijiweni. Niliapa kwamba nimesikia.

Siku za kwanza nilishika adabu. Niliyoyaona kwa mbali yalitosha kunichekesha. Walikuwako watu waliojiandika Mohamed katika fomu moja, Muhamad katika nyingine na Mohammed katika ya tatu, wakati mtu ni yule yule mmoja. Mtambo uliwahesabu kama watu watatu. Walikuwako kina mama waliobadilisha majina walipoolewa, na wengine wakayarudisha walipoachika. Ndipo nikafahamu kwa nini kila mtu hutambuliwa kwa nambari ya kitambulisho badala ya jina. Tena orodha ya kwanza ya namba za simu ilipochapishwa, namba zote zilikuwa zimepoteza sufuri ya mbele. Tarakilishi ilizidhania kuwa ni hesabu, na katika hesabu sufuri inayotangulia haina kazi. Ilibidi iambiwe kwamba haya ni maandishi tu, hayajumlishwi wala hayatolewi.

Tarehe nazo zilileta balaa. Sisi hutanguliza siku kisha mwezi. Mashine ile ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti akawa amezaliwa tarehe 8 Mei. Aliyezaliwa tarehe 25 Agosti ndiye aliyeokoka, maana mwezi wa 25 haupo na mtambo ulikataa. Makosa ya waziwazi mashine huyakataa. Yanayofanana na ukweli huyapokea kwa mikono miwili. Laiti ningaliliweka jambo hilo moyoni!

Kufikia wiki ya tatu Baba alikuwa ameingiza mafaili 19 tu. Makarani wenzake, vijana waliosomea kompyuta, walikuwa wamemaliza mafungu yao na sasa walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni. Jioni moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alifunga mlango akaniita.

"Mwanangu, hebu kaa hapa," alisema bila kunitazama. "Mimi macho hayanisaidii. Nitakutolea faili, wewe uandike. Lakini uangalie kwa makini. Kila tarehe ya kuzaliwa uilinganishe na kopi ya kitambulisho. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Akaandika neno lake la siri, akanipisha kiti.

Sitakudanganya, msomaji. Nilifurahi. Shuleni mimi ni mmoja wa wanaotaipu upesi katika darasa la kompyuta, na hapa nilikuwa nafanya kazi ya watu wazima. Kwa jioni tisa nilichapa mafaili kama mvua. Baba aliyapanga, akayafungua, akayafunga. Asubuhi afisa alipotazama hesabu alimsifu mbele ya wote: "Mzee ameshika moto siku hizi!" Baba alitabasamu kidogo tu, nami niliyekuwa nikipangusa kabati niliinama nisionekane ninavyocheka.

Sasa sikia lililotokea. Pale chuoni alikuwako mama mmoja mpishi. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiniwekea kikombe cha uji na mahamri mawili saa nne, bila kunidai hata ndururu. "Kula, mwanangu, kazi ya vumbi yataka tumbo," alikuwa akiniambia. Faili lake lilikuwa miongoni mwa yale ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi ya kazi za ziada, yapata saa kumi na mbili kasoro, na mpira ulikuwa unakaribia kuanza. Wenzangu walikuwa wananingoja kibandani kwenye televisheni.

Nikafungua fomu yake ya mwaka 1989. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwa wino uliopauka, na pini yenye kutu ilikuwa imepita papo hapo na kuila karatasi. Nilisoma: 11 Desemba 1963. Ile tarakimu ya mwisho ilinitia shaka kidogo. Kopi ya kitambulisho ilikuwa ndani ya bahasha nyuma ya jalada, imefungwa kwa uzi wenye fundo. Nililishika fundo lile. Nikatazama saa. Nikaliacha. Nikaandika 1963, nikabonyeza, mtambo ukapokea bila kunung'unika. Kwa nini ungekataa? Mtu aliyezaliwa 1963 na kuajiriwa 1989 ana miaka 26, na hilo halina ajabu.

Timu yetu ilishinda siku hiyo. Mpaka leo nikiukumbuka ule ushindi mate hunikauka.

Shule zikafunguliwa Januari 2024. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hiyo jioni nilikuwa nyumbani. Mwishoni mwa mwezi ule Baba alirudi akakisukuma chakula kando. Mama alimwuliza mara moja, hakujibu. Akamwuliza mara ya pili.

"Mpishi wetu amekosa mshahara," alisema hatimaye. "Ile mashine imemstaafisha. Imeandika ametimiza miaka 60 tangu Desemba. Naye ana mjukuu wa Kidato cha Kwanza, amepelekwa shule na nusu ya karo. Amesimama dirishani kwangu leo akauliza, 'Mzee, nimekosa nini?' Sikuwa na jibu."

Hapa nchini, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Mama yule alikuwa ameajiriwa chini ya kanuni ya zamani, akaongezewa mitano kwa tangazo lile. Na mimi kwa kubonyeza mara moja nilikuwa nimemnyang'anya mingine mitano.

Tonge lilinikwama kooni. Nililiona fundo la uzi ule mbele yangu kana kwamba liko mezani.

"Wamejua aliyekosea?" niliuliza.

Baba alinitazama, na mara hii hakuyaepuka macho yangu. "Mtambo huweka jina la kila anayeandika, na saa aliyoandika. Umesema ni mimi, Jumamosi saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Afisa akaniuliza, nikakubali. Ni mimi."

Usiku ule sikulala. Nilijigeuzageuza kitandani kama chapati kikaangoni. Sauti moja ilinambia nyamaza: Baba mwenyewe ameshakubali, na ukisema utamzidishia makosa, kwani ndiye aliyekukalisha kitini kinyume cha sharti. Sauti nyingine ilinambia kwamba mama wa watu anahesabu senti za unga. Mpaka muadhini anaadhini alfajiri sauti hizo mbili zilikuwa bado zinashindana. Nilipoinuka sikuwa na ujasiri wowote, ila niliona kwamba kikombe kingine cha uji wake nisingeweza kukinywa maisha yangu yote.

Nilimwambia Baba kwamba naenda naye. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, vaa viatu."

Mbele ya afisa nilisema yote: jioni tisa, neno la siri, mpira, fundo. Sikulia, lakini sauti ilinitetemeka. Alinisikiliza hata nikamaliza. Kisha akaagiza faili. Baba alikwenda mwenyewe kabatini, akarudi nalo papo hapo kama ilivyokuwa desturi yake. Afisa akalifungua fundo. Halikuchukua hata nusu dakika. Kopi ya kitambulisho ilikuwa safi: 11 Desemba 1968. Akaiweka ile fomu dirishani penye mwanga, sote tukaona. Kutu ilikuwa imekula upande wa kushoto wa tarakimu ya nane ikabaki tatu.

"Mwaona?" alisema polepole. "Kama tungekuwa tumeyachoma haya makaratasi kama wengine walivyotaka, tungemwamini nani leo?"

Akatufunza jambo ambalo nimeliandika katika daftari langu. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli zinazomdhuru. Sheria ya Kulinda Data nayo inampa haki ya kuziona habari zake mwenyewe na kutaka zirekebishwe. "Lakini atatakaje zirekebishwe," alisema, "kama hakuwahi kuonyeshwa zilivyoandikwa? Kosa hili si la kijana peke yake. Ni letu. Tuliuamini mtambo tukasahau kumwuliza mwenye umri."

Wiki iliyofuata kila mfanyakazi alipewa karatasi moja iliyochapishwa habari zake: jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, namba ya kodi, ya akiba ya uzeeni na ya bima ya afya, ambayo siku hizo ilikuwa bado NHIF, kabla ya SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 2024. Asome, asahihishe kwa kalamu, atie sahihi. Ajabu zilizotokea! Dereva mmoja alikuta ameandikwa mwanamke. Mwalimu wa useremala alikuta amepewa watoto saba, naye ana wawili. Akauliza hao watano wengine wako wapi awapeleke nyumbani. Watu walicheka, lakini makosa yaliyopatikana hayakuwa machache, na mengine hayakuwa ya kwangu. Wale vijana waliotaipu haraka nao walikuwa na mafundo yao ambayo hawakuyafungua. Tangu hapo tarehe muhimu huandikwa na karani wa kwanza, kisha karani wa pili huziandika upya bila kutazama alivyoandika mwenzake. Zikitofautiana, mtambo hugoma mpaka faili lifunguliwe.

Mama mpishi alirudishiwa jina lake na kulipwa mshahara wa Januari pamoja na wa Februari. Mwezi ule mmoja alikuwa ameuvuka kwa mkopo wa chama cha akina mama. Siwezi kusema kwamba hakuna kilichoharibika. Mjukuu wake alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo akakosa masomo ya siku sita, na siku zile hakuna tarakilishi itakayomrudishia. Nilimwendea jikoni, nikamwamkia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alikuwa akikoroga sufuria kubwa, hakugeuka. Moshi ulikuwa mwingi.

Nikamweleza. Nikamwomba radhi.

Alikoroga kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa miaka yangu mitano ulikuwa umeitupa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na la kusema.

"Mimi nimesimama hapa jikoni tangu 1989," aliendelea. "Kila siku naonja chumvi kabla ya kupakua. Wanafunzi mamia wanakula, sijawahi kupakua bila kuonja. Hata nikiwa na haraka. Hata nikiwa na msiba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya. Chukua kikombe pale."

Nilikunywa ule uji. Sikumbuki utamu wake.

Na Baba? Yeye alipewa barua ya onyo kwa kumpa mtu mwingine neno lake la siri. Ilikuwa ya kwanza katika miaka 27 ya kazi. Nilitaka kwenda kuipinga, akanizuia. Alisema barua ni ya haki: kiti alinipisha yeye, na aliona haya kuomba msaada kwa wenzake. Tangu siku hiyo alianza kujifunza kutaipu. Jioni nyumbani nilimchorea herufi za kibodi kwenye kipande cha kadibodi, akawa anafanya mazoezi juu ya meza baada ya chakula, vidole vyote kumi, huku Mama akimcheka. Ilimchukua hadi Mei.

Mwezi huo ndipo zamu ya kuingiza barua za onyo katika mtambo ilipofika. Aliniambia baadaye kwamba karani kijana alijitolea kumwandikia ile yake, kwa heshima. Baba alikataa. Alilichukua faili lake mwenyewe, akafungua bahasha ya nyuma, akalinganisha nambari ya kitambulisho, kisha akaiandika barua ile mwenyewe, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe. Alipomaliza alimwita yule kijana aiandike tarehe mara ya pili, kama kanuni isemavyo.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, wengi wetu tutaajiriwa katika ofisi zenye tarakilishi. Huenda wewe usomaye ndiwe utakayeingiza habari za mwalimu aliyekufundisha kusoma, au za mzazi wako. Utaona majina na tarakimu tu, na saa itakuwa imekaribia ya kutoka. Ukifika kwenye fundo, tafadhali lifungue. Mama mpishi atastaafu Desemba 2028, panapo majaliwa, na siku hiyo nimeazimia kuwa pale mlangoni mwa jikoni nikimsaidia kubeba mizigo yake.

Hapa ndipo ninapoiweka kalamu chini.